Nyumba Yako, Wifi, Imechukuliwa na Mtani

Wifi yangu Mwanaidi,

Watu wakiandika barua huanza kwa kuuliza hali. Yako siiulizi, iko kwa Mwenyezi Mungu, na kila baada ya sala namwomba aiweke mahali pema. Ya kwetu ndiyo nataka kukueleza, maana nakujua. Hata huko uliko utakuwa unajiuliza kama Yeyo amekunywa uji wake ungali moto, na kama Mzee Kulwa ameacha kumchokoza Sikudhani. Yeyo amekunywa. Mzee Kulwa hajaacha.

Naandika baada ya Alasiri, nimekaa juu ya kile kinu kibovu tulichokilaza, pale ulipopenda kukaa ukichambua mchicha. Darasa langu la nne unalijua, herufi zangu zinapanda na kushuka kama mbuzi mlimani. Wewe hukuwahi kunicheka. Ulikuwa unasema, "Andika tu wifi, mimi nisiyejua kusoma nitajuaje umekosea?" Basi leo naandika hivyo hivyo, na nikikosea utanisitiri.

Wifi, nyumba yako ilibaki kidogo tu ivunjwe. Si kuta. Watu wake.

Lakini nianzie siku ile ya kukutoa ndani. Nilikuwa mlangoni na wanawake wenzangu, tumeshikana, sioni mbele. Wanaume wameshanyanyua jeneza, mara likasimama. Nikadhani kuna aliyejikwaa. Kumbe Mzee Kulwa amelala chali katikati ya njia, mkono wake ule mmoja kifuani, kanzu ya kuazima imejaa vumbi.

"Hapiti mtu!" anapiga kelele. "Enyi Wazigua, miaka na miaka mlituvizia Wanyamwezi njiani tuwabebee mizigo yenu. Leo mna mzigo mzito kuliko yote mnabeba wenyewe? Tangu lini? Nipeni mtani wangu!"

Watu wakacheka huku machozi yanatiririka. Na mimi nilicheka, wifi, Mungu anisamehe, nilicheka mbele ya jeneza lako, na hapo ndipo nilipopata kupumua tangu asubuhi. Wazee wakamletea kuku, ile haki ya mtani siku ya msiba, ili apishe. Akamtazama kuku, akawatazama wao. "Mwanaidi wa kuku mmoja? Hamna haya! Mrudisheni bandani. Changu nitachukua mwenyewe siku ya arobaini." Akainuka, akajipangusa, akafuatana na wenzake makaburini. Hakuna aliyetia maanani. Tulijua ni Kulwa.

Unakumbuka alivyotufikia? Mimi nakumbuka vizuri, maana ndimi niliyenuna. Tulikuwa bado Mazinde, kaka yako Hamza anakata mkonge na wewe umekuja kukaa nasi, unauza uji kwenye geti la shamba. Uhuru ulikuwa umeingia, watu wanaimba, na huku mkonge bei imeanguka na wafanyakazi wanapunguzwa. Kulwa alikuwa amekuja zamani, kijana, kutoka kwao Unyamwezi, kibarua wa manamba, na ile mashine ya korona inayosaga majani ya mkonge ikamla mkono wa kulia. Wakampa ufagio. Walipopunguza watu, mwenye ufagio akawa wa kwanza. Ukamkuta amekalia furushi lake kando ya barabara ya kwenda Mombo. Ulipomuuliza alisema anangoja gari. Kesho yake yuko pale pale, anangoja gari. Wewe ukaelewa kwamba hakuna gari, na kwamba yule mtu hana hakika kama kwao kuna mtu atakayemjua.

"Mtani," ukamwambia, "hilo gari lako litakuja na uhuru wa pili? Inuka, uji unapoa."

Akainuka. Hamza akakasirika jioni ile, "Dada, wewe unaokota watu kama kuni!" Nawe ukamjibu bila kuinua kichwa, "Kuni ningewachoma. Hawa nawapikia." Hamza akashindwa, akacheka. Allah amrehemu naye.

Tuliporudi huku kwetu Handeni ukaendelea vile vile. Sikudhani akaletwa juu ya baiskeli baada ya mama yake kufariki, miguu yake imekufa tangu utotoni, na jamaa zake wakasema watamfuata baada ya mavuno. Mavuno gani, hawakusema. Kisha Yeyo. Wale wanawe wa Kimaasai hawakuwa watu wabaya, nakumbuka walivyosimama mbali na mikuki yao kama watoto waliotumwa dukani. Ulikuwa mwaka wa ukame, wanahamisha ng'ombe kufuata maji, na macho ya mama yao yameshaziba kabisa. Wakakuomba ukae naye mpaka mvua. Ukasema sawa, na Kimaa huna hata neno isipokuwa hilo la "yeyo", mama, ukalifanya kuwa jina lake.

Na ndipo ulipofunga kamba. Sikudhani alisokota nyuzi za mkonge, mikono yake ile ina nguvu za watu wawili, nawe ukazifunga usawa wa kiuno kuzunguka uwanja mzima, mlangoni mpaka jikoni, jikoni mpaka chooni, chooni mpaka kivulini pa mkorosho. Fundo moja maana yake unakaribia moto. Mafundo mawili, choo. Ukamshika Yeyo mkono ukamtembeza, ukamtembeza, mpaka siku moja tukamwona anakuja jikoni peke yake, anacheka kinywa wazi hana jino. Mvua ziliponyesha wanawe wakarudi na ng'ombe wanono kumchukua. Yeyo akashika kamba kwa mikono miwili, hakuiachia. Tangu hapo wanamletea maziwa tu na kumsalimia.

Wanawake wa jirani nao wakaanza kuja, huyu na unga, huyu kusuka ukili na Sikudhani, huyu kumwogesha Yeyo. Tukajiita Tushikane. Hatukuwa na muhuri wala bendera. Ilikuwa siku ya Jumamosi mwanamke akikosekana tunakwenda kumwangalia, labda anaumwa. Na siku ya operesheni, lori lilipokuja kutuhamishia kijijini huku, yule dereva akataka kupakia vyombo kwanza. Ukasimama mbele ya lori. "Baba, pakia watu. Vyungu vyangu havijawahi kuogopa kubaki." Tulipofika ukafunga kamba upya, mpaka kwenye mkorosho wa huku. Mpaka leo wanawake wa Tushikane wakigombana nani atangulie kufanya nini, wanasema: pakia watu. Basi ugomvi umekwisha.

Sasa sikiliza.

Msiba ulikuwa bado, arobaini haijafika, Mwenyekiti wa kijiji akaja kunipa pole. Si mtu mbaya, unamjua, ndiye aliyekusaidia kupata mabati ya jikoni. Alikuja kwa haraka, hakukumbuka kamba, ikamkamata tumboni kidogo akae chini, kofia kule, kiatu huku. Sikudhani akamwambia, "Karibu Mwenyekiti, hapa kwetu hata wenye macho wanashika kamba." Akacheka kwa shida. Akakaa. Akazungumza taratibu, kwa heshima zote, mama hivi, mama vile.

Alisema nyumba hii ilihesabiwa kaya kwa ajili yako. Wewe ndiye uliyesimama siku ya kugawa viwanja ukasema hawa ni wangu. Sasa mwenye kaya hayupo, na mimi nina kijana wangu anayefanya kazi Korogwe mjini, ameshatuma maneno niende nikapumzike kwake. Basi kamati imefikiri. "Hatumtupi mtu, mama. Ujamaa ni kubebeana. Kila balozi wa nyumba kumi atampokea mmoja." Yeyo aende upande wa kisimani. Sikudhani akae karibu na shule. Mzee Kulwa arudishwe Mazinde, kuna wazee wenzake waliobaki kambini. Arobaini ikiisha, ndiyo iwe siku ya kuhama.

Maneno yake yalikuwa mazuri, wifi, na hilo ndilo lililonitesa. Ningekuwa nimetukanwa ningejua la kusema. Nikamwandalia chai.

Alipoondoka, Yeyo, ambaye Kiswahili chake unakijua, anasikia yote na kusema matatu, alinyanyuka. Akashika kamba ya mlangoni. Akaenda mpaka jikoni, akapapasa fundo, akaenda mpaka chooni, akapapasa, akaenda mkorosho, akarudi. Mchana kutwa. Hakuwa na haja ya kwenda kokote. Nilimpelekea maji akayanywa amesimama, mkono mmoja hauachii kamba. Nikaona huko kisimani watamlisha vizuri, watamwogesha, watamkalisha kwenye kigoda asubuhi na kumtoa kwenye kigoda jioni. Nikaingia ndani nikalia juu ya mto wako mpaka ukalowa.

Nilisali sana siku hizo. Nilimwomba Mungu anipe ulimi wako hata kwa asubuhi moja. Hakunipa. Nilikwenda kwa mwalimu wa madrasa kumuuliza kama mtu anaweza kuwa ndugu wa mtu kwa uji tu. Akasema kwa Mungu inawezekana, ila kamati anaijua Mwenyekiti. Mzee Kulwa nilimtegemea aseme neno, na yeye anapasua kuni kwa mkono wa kushoto, anapiga miluzi. Nikamchukia, wallahi. Nikajisemea, huyu ameshakubali kwenda Mazinde.

Arobaini ikafika. Khitima ikasomwa vizuri, wali ukaliwa, wanawake wa Tushikane walipika kama wanamwoza binti. Wazee wamekaa kwenye majamvi, Mwenyekiti yuko katikati yao, anasubiri dua iishe aseme lake. Mimi nipo mlangoni na Yeyo, ameniegemea. Dua ikaisha, amina, watu wakajipangusa nyuso. Mwenyekiti anasafisha koo.

Mzee Kulwa akapita mbele yake kama hakumwona. Akaja mpaka mlangoni, akasema, "Pisheni, kina mama," akakaa kizingitini, akanyoosha miguu yake yote miwili njiani.

"Mtani amechukua," akasema.

Wazee wakaanza kucheka. Mmoja akauliza, "Umechukua nini, mtumwa wangu? Sinia limeshaisha."

"Siku ya maziko mlinipa kuku nikakataa. Mlisikia wote. Nilisema changu nachukua leo. Basi nimechukua. Nimechukua nyumba hii na vilivyomo. Nimechukua kipofu. Nimechukua kiwete mwenye mdomo mchafu. Nimechukua na huyu mjane wa Hamza anayeunguza maharage."

Sikudhani akapaza sauti kutoka jikoni, "Nani mdomo mchafu, wewe nusu mtu?"

"Mnamsikia? Nimechukua mzigo, siyo mali!"

Vicheko. Mwenyekiti naye anacheka, lakini anainua mkono. "Mzee Kulwa, utani una mipaka. Mtani huchukua kuku. Huchukua kanga, kofia. Nyumba haichukuliwi."

"Nani kasema? Nyinyi Wazigua ndio wenye msiba, mimi mtani. Nitajie mtani wa Kinyamwezi aliyewahi kunyang'anywa alichokishika msibani kwenu. Mtaje, nami niondoke hapa nipande gari la Mazinde."

Wale wazee wakatazamana. Wanajua, na mimi najua, na wewe ulijua tangu utotoni, kwamba kitu alichokishika mtani siku ya msiba hakinyang'anywi. Ukinyang'anya, msiba haujafungwa, umebaki wazi kwenye ukoo. Mwenye kukitaka hukikomboa kwa mtani kwa maelewano, na kikishakombolewa ni chake, na kazi yake yote. Mzee Omari, yule mkubwa wa ukoo wenu asiyesema ovyo, akageuka taratibu kumwangalia kila mmoja. "Haya. Kashika. Nani anataka kuikomboa?"

Hakuna aliyejitokeza. Kila mtu alikuwa anamwona Yeyo amesimama pale na Sikudhani kule, na anafikiri asubuhi yake itakavyokuwa.

Wote walidhani Kulwa anafurahi. Mimi nilikuwa nyuma yake, karibu, nikaona ule mkono wake mmoja alioushikilia kwenye goti. Ulikuwa umeishika kanzu mpaka inataka kuchanika. Wifi, yule mzee alikuwa anaomba. Alikuwa anaomba asirudishwe barabarani pale ulipomkuta, na njia aliyokuwa nayo ya kuomba mbele ya watu ilikuwa kuwatukana. Nikainama nikamwekea mkono begani. Hakugeuka. Alisema tu, chini chini, "Usinilizie hapa, shemeji, utaniharibia."

Mwenyekiti akavua kofia akajikuna kichwa. Akasema, kaya ni kaya, kila kaya inapeleka nguvu kazi shamba la ujamaa, sasa hii kaya ya mtani itapeleka nini? Hapo ndipo Sikudhani alipojikokota mpaka uwanjani mbele ya wanaume wote, akasema, "Mtama wenu unaliwa na ndege kila mwaka kwa sababu watoto mnaowaweka juu ya dungu kuwafukuza wanakimbia kucheza. Nipandisheni mimi. Nitakimbilia wapi?"

Mzee Omari alicheka mpaka akakohoa. Na Mwenyekiti, nampa haki yake, alicheka pia, halafu akaacha kucheka, akasema, "Basi iandikwe kaya ya Kulwa." Dua ikasomwa tena, ya pili, na safari hii amina ya Yeyo, asiyejua dua yoyote, ilisikika kuliko zote.

Hiyo ndiyo habari. Sasa Sikudhani wanawake wa Tushikane wanampeleka shambani alfajiri kwa mkokoteni, anapanda dunguni kwa mikono, na amefunga kamba zake mpaka pembe za shamba zenye makopo. Akivuta moja, ndege wote wa Handeni wanahamia Pangani. Sauti yake tunaisikia mpaka hapa akiwatukana. Mzee Kulwa hakaliki. Anaitwa mkuu wa kaya, basi asubuhi anakohoa kabla ya kutoka nje ili tujue anatoka. Yeyo anatembea. Kijana wangu nimemtumia salamu, nimemwambia aje yeye, kuna nafasi na kamba ya kushika.

Mimi je? Naendelea hivyo hivyo, wifi. Maharage naunguza kweli. Wewe ulikuwa unajua nani amelala vibaya kwa kumwangalia tu, mimi lazima niulize, na nikiuliza wanasema wako salama. Kuna siku nimechoka namjibu Yeyo kwa ukali, kisha naona aibu hata kutia udhu. Natamani ungekuwepo unipige kofi la mgongo kama zamani, useme "Haya, kunywa maji."

Jambo moja sikumwambia mtu. Kitanda chako sikukigusa. Nilitandika ile shuka ya maua, nikaegemeza mto, nikasema hapa halali mtu tena. Watu walikuwa wakija siku mbili tatu tunawalaza kwenye mikeka, na kitanda kipo. Mzee Kulwa alikuwa anakipita anatazama pembeni. Hakuna aliyenisemesha.

Leo mchana, kabla sijakaa kuandika, akapiga hodi mwanamke ametembea kutoka upande wa Kwamsisi. Mjamzito, mguu mmoja mfupi, na kifurushi kichwani. Mumewe amefariki na shemeji zake wameing'oa milango ya nyumba angali ndani. Alisimama nje ya kamba, hakujua kama anaruhusiwa kuivuka. Nikafungua kinywa nimuulize katoka kwa nani na atakaa mpaka lini, maana ndivyo binadamu tulivyo. Nikakusikia. Nikamuuliza kama amekula.

Alikula, wifi, alikula kama mtu anayeona haya kula. Kisha alitafuta mahali pa kujinyoosha, akawa anautazama mkeka huku akijishika kiuno. Nikaenda nikavuta ile shuka ya maua kwa mikono yangu, nikamwambia, "Panda. Hiki ni cha mgeni."

Basi naomba radhi yako na nakupa ahadi yangu, na Mwenyezi Mungu shahidi. Maadamu nina pumzi kitanda hicho hakitakaa kitupu kwa ajili ya machozi yangu. Nitakulilia nimesimama, jikoni, huku nakoroga. Akulaze pema, akupanulie, na siku yangu ikifika akuruhusu unipokee wewe, unisogezee nafasi.

Kwa heri, wifi yangu. Nakatiza hapa. Mgeni ameamka anaita kwa sauti ndogo, hajui maji yako wapi.

Ni mimi wifi yako, Asha.